Ndiyo ya Bwana Kanuni

Mshonaji huyu hatamki kipimo cha mabega ya mwanamume kwa namba. Humzungusha mteja, humpapasa nyuma ya shingo kwa kidole gumba, kisha hutangaza: "Spana kamili." Au: "Spana kasoro vidole viwili." Na kwa wale ambao maisha yamewanenepesha: "Wewe ni Spana na mchumba wake." Wageni hudhani hiyo ni lugha ya mafundi wote wa nguo. Wenyeji wanajua kwamba Spana ni mwanawe wa kwanza, na kwamba mabega yanayotajwa ni yale aliyokuwa nayo alipoondoka nyumbani. Yakoje leo, mama yake hajui.

Kibaraza anachofanyia kazi kinatazama barabara ambayo zamani ilikuwa njia ya kwenda stesheni. Anakitumia pamoja na msusi. Upande wa kushoto ipo cherehani ya kukanyaga kwa miguu na meza ya kukatia vitambaa. Upande wa kulia kipo kiti cha plastiki, kioo kilichopasuka pembeni na chupa za mafuta ya nywele. Vipande vya nyuzi na vya nywele huchanganyika sakafuni, na kila jioni wanawake hawa wawili hugombana juu ya nani ashike ufagio.

"Uchafu wako huu, mama. Angalia, ni nyuzi tupu."

"Nyuzi zangu zina mizizi siku hizi? Fagia, mwanangu, usinichoshe."

Msusi humwita mama, ingawa hawana udugu. Majirani wengine wenye umri mkubwa bado humwita Mama Mheshimiwa, wengine kwa heshima, wengine kwa ule utani wenye miiba kidogo.

Alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa reli, binti wa mtu aliyeinua na kushusha bendera za ishara. Akaolewa na karani wa tiketi wa stesheni hiyohiyo. Uchumba wao anausimulia kwa kicheko kile kile kila mara. Wenzake, asema, walisifiwa macho na mwendo. Yeye aliambiwa kupitia dirisha la tiketi kwamba treni ya mchana ingechelewa, na kwa hiyo, kwa mujibu wa ratiba, walikuwa na nafasi ya kuzungumza. "Nikasema moyoni, huyu mwanamume hatanipotezea muda. Kumbe atanipotezea kwa utaratibu."

Karani huyo alipenda kanuni kama wengine wanavyopenda mpira. Mtu aliyenyimwa haki yake ofisini alikwenda dirishani kwake, na yeye aliisoma sheria ya jambo hilo mpaka akapata kifungu cha kumtoa. Sifa zikaenea, watu wakamsukuma agombee ubunge, akashinda. Huko Bungeni wenzake walimpa jina la Bwana Kanuni, kwa sababu hakuna mjadala uliopita bila yeye kusimama na kusema, "Mheshimiwa Spika, kuhusu utaratibu." Inasemekana baadhi ya wabunge walikuwa wakiguna kabla hajamaliza kufunga kifungo cha koti.

Mkewe hakuacha cherehani. Mume alirudi nyumbani mwisho wa kila mkutano wa Bunge kwa treni, akiwa na sanduku moja la nguo na mkoba wa makaratasi, na mkewe akampokea stesheni akiwa bado na pini mdomoni. Spana wakati huo alikuwa fundi katika karakana ya reli, mtu wa kurekebisha breki za mabehewa, na wenzake walikuwa wamemchagua kuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi. Mezani, baba alisimulia vifungu, mwana alisimulia bolti, na mama akawaambia wote wawili wale kabla chakula hakijapoa.

Ndipo ulipokuja Muswada wa Reli.

Muswada huo ulitaka njia ndogo zote zifungwe, pamoja na karakana zake. Bwana Kanuni aliupinga. Hotuba yake ilirushwa na redio ya taifa, na watu walijaa kwenye duka la fundi redio mpaka barabarani kuisikiliza. Alieleza mji ule unakula nini na unakula kwa sababu gani. Alitaja mazao, alitaja wagonjwa wanaopelekwa hospitali ya mkoa kwa behewa la daraja la tatu, akaitaja karakana bila kumtaja mwanawe. Alipoketi, mafundi wa zamu ya mchana walipiga vyuma kwa nyundo kumshangilia. Spana alibebwa begani. "Si niliwaambia?" alikuwa akipaza sauti. "Si niliwaambia mzee hatatuangusha?"

Redio haikurusha kura. Wabunge waliitwa majina mmoja mmoja, kila mmoja akajibu ndiyo au siyo, na muswada ukapita. Siku chache baadaye mkubwa wa chama cha wafanyakazi alifika kutoka makao makuu, akasimama mbele ya mafundi na kuwaambia kwamba mbunge wao, yule wa hotuba, jina lake lilipoitwa alijibu ndiyo. Mafundi walimgeukia Spana wakamtazama tu.

Jioni ile Bunge lilikuwa limekwisha kuahirishwa, na baba alikuwa nyumbani.

"Baba, ulisema nini?"

"Si mlinisikia? Mji mzima ulinisikia."

"Hotuba niliisikia. Nauliza ulisema nini ulipoitwa jina."

Baba alikuwa akisogeza kisahani cha chai, mbele na nyuma, juu ya kitambaa cha meza. "Kuna utaratibu, mwanangu. Subiri kidogo."

"Nisubiri? Wenzangu wanarudisha ovaroli stoo, wewe unaniambia nisubiri?"

"Nimesema subiri."

"Basi ulisema ndiyo."

Kuanzia hapo simulizi za nyumba hii zinaachana. Mama anashikilia kwamba mumewe alikuwa ameshafungua mdomo kujibu, na kijana akawa ameshafika mlangoni. Spana, kwa maneno aliyomwambia mama yake baadaye kwa simu, anasema alisimama mlangoni kwa muda wa kumtosha mtu yeyote mwenye la kusema. Wanakubaliana jambo moja tu: kwamba sauti ya mwisho kusikika chumbani ilikuwa ya mama. Alisema, "Usimjibu baba yako hivyo." Spana akaondoka kabla njia haijafungwa, kwa moja ya treni za mwisho, akavuka mpaka na kupata kazi katika kiwanda cha saruji.

Uchaguzi uliofuata, Bwana Kanuni hakupata hata kura za mtaa wake. Reli ziling'olewa. Alirudi kuwasaidia watu kwa vifungu vyake, lakini wachache walimwendea, na wale waliomwendea walifanya hivyo jioni, wakitazama nyuma. Mkewe alimwuliza zaidi ya mara moja ni nini hasa alichofanya siku ile. Jibu lilikuwa lile lile: mambo ya Bunge hayaelezeki mezani. Alipofariki, Spana hakuja mazikoni. Alipiga simu, akalia, mama yake akamsikia akilia, kisha laini ikakatika au ikakatwa.

Tangu hapo hupiga kila Jumapili alasiri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hujambo? Kifua?"

"Vumbi tu la kiwandani. Magoti yako je?"

"Yapo, yananisindikiza."

Huzungumza vizuri mpaka mama afike pale ambapo lazima afike. Kwamba baba yake hakusema ndiyo. Kwamba yule mkubwa wa chama alitia chumvi, alikuwa na kinyongo, alitaka kiti cha ubunge yeye mwenyewe. Kwamba mtu hawezi kusema yale aliyoyasema redioni kisha akageuka. Spana husikiliza mpaka mwisho, kisha hujibu, "Sawa, mama. Salimia watu." Hayo ndiyo maneno yake ya kuaga. Mama alijua kwamba kila alipomtetea mume, simu ilifupika, lakini hakuweza kuacha. Aliamini kuna siku atapata uthibitisho, ataushika mkononi, na siku hiyo mwanawe atakosa sababu ya kukaa mbali. Aliitamani siku hiyo kama mtu anavyotamani kukohoa kitu kilichomkwama.

Msimu wa uchaguzi uliopita, msusi alikuja na habari kwamba Bunge limeweka kwenye mtandao kura za wabunge wote, wa sasa na wa zamani, pamoja na misimamo yao. Wateja wake walikuwa wakibishana kuhusu mbunge aliyepo, na mmoja akamwonyesha ukurasa.

"Mama, njoo tumwangalie Mheshimiwa wetu. Muswada wa maji: hakuwepo. Elimu: hakuwepo. Ushuru wa masoko: hakuwepo."

"Mtafute kwenye posho. Hapo utamkuta."

Mteja aliyekuwa kitini alicheka mpaka msusi akamshika kichwa kwa mikono miwili. Mshonaji naye alicheka, kisha akaacha. Aliweka mkasi chini.

"Umesema na wa zamani wamo?"

"Wamo wote. Nimtafute baba?"

Alijipangusa mikono kwenye gauni kwa furaha, kana kwamba atashikana mkono na mgeni. Msusi akaandika jina, akasubiri, akashusha ukurasa kwa kidole. Kisha akaacha kusoma kwa sauti.

"Soma."

"Mtandao huu nao, mama, leo unasumbua..."

"Mwanangu, soma."

Palikuwa na picha ya mumewe, akiwa na lile koti la vifungo vitatu ambalo mshonaji mwenyewe alimshonea. Chini ya picha, Muswada wa Reli: Ndiyo. Na pembeni, kwenye safu ya misimamo, waliotengeneza ukurasa walikuwa wameandika kwa kufuata kura yake: Anaunga mkono kufungwa kwa njia ndogo za reli.

"Soma tena."

Msusi alisoma tena, polepole, kana kwamba polepole kungebadilisha kitu. Mshonaji alirudi kwenye cherehani na kumalizia shati lililokuwa mezani. Jioni mwenye shati alipokuja, mkono wa kulia ulikuwa umeshonwa ndani nje. Jumapili ile simu iliita. Aliitazama ikicheza juu ya meza, ikijisogeza kwa mtetemo kuelekea ukingoni, akaiacha mpaka ikanyamaza. Miaka yote hiyo alimzuia mwanawe mlangoni kwa neno ambalo halikuwa kweli.

Aliyebaki kujua zaidi alikuwa mtu mmoja. Bungeni, Bwana Kanuni alikaa jirani na mbunge wa kambi nyingine, kwa kuwa viti vya nyuma vya kambi zote mbili vilikutana kwenye kona. Mzee huyo sasa ana duka la chakula cha mifugo katika mji wa jirani. Mshonaji alipanda basi akamfuata. Alimkuta amekaa juu ya gunia la pumba, amejaa unga mweupe mpaka kwenye nyusi.

"Shemeji! Umekuja kunishonea suti ya kuzikiwa?"

"Nimekuja kukuuliza, shemeji. Ukinijibu vizuri nitakushonea ya kuishi."

Alimwambia alichokiona. Mzee aliacha utani. Alimwagizia chai, akafunga nusu ya mlango wa duka, akakaa tena juu ya gunia.

"Alisema ndiyo," alisema. "Nilikuwa pembeni yake. Nilishtuka mpaka nikamvuta koti. Nikamwambia, wewe umelala? Akaniambia, tulia."

"Kwa nini?"

"Shemeji, mumeo alikuwa anazijua zile Kanuni za Bunge kuliko wanaotuongoza. Jambo likishaamuliwa, haliwezi kurudishwa katika mkutano ule ule, isipokuwa kwa hoja ya mbunge aliyekuwa upande ulioshinda. Umenielewa? Aliyeshindwa hana ruhusa ya kuomba. Wale walishatuhesabu, walikuwa wengi. Siyo yake ingeongezwa kwenye siyo zetu, basi, tumekwisha. Lakini aliposema ndiyo, alipata haki ya kuurudisha. Asubuhi yake alipeleka taarifa ya hoja kwa Katibu wa Bunge. Kuna wabunge wa upande wa Serikali waliokuwa wamemwahidi: ripoti ya wataalamu kuhusu mizigo ya njia ndogo ikitoka, na ilikuwa inatoka wiki ile, watageuka."

"Halafu?"

"Halafu mchana Bunge likaahirishwa. Shughuli za Serikali zimekwisha, watu waende nyumbani. Hoja yake ilikuwa ya kesho. Mkutano ukifungwa, taarifa zote ambazo hazijafikiwa zinakufa. Mkutano uliofuata, muswada ulishakuwa sheria, na reli zilishapakiwa kwenye malori."

Mshonaji aliuliza lile lililomleta. Kwa nini mumewe hakusema? Mzee alifuta unga usoni, akauchafua zaidi.

"Alijaribu kwangu kwanza. Tulikuwa tunatoka, tuko kwenye ngazi, akanieleza yote, ameshika mkoba kifuani. Na mimi, shemeji, nilicheka. Nilimwambia, kwa hiyo umetupiga rungu ili utupeleke hospitali? Nilidhani atacheka na yeye. Alifunga kifungo cha koti akaniambia, ndivyo litakavyosikika, eti? Hakulitaja tena."

Basi la kurudi lilikuwa tupu nusu. Alikaa dirishani. Anasema hakumlilia mume, alimkasirikia. Mwanamume mwenye vifungu vyote hivyo, akakosa sentensi moja ya kumpa mtoto. Kisha, kabla ya kufika, hasira ikageuka kuwa kitu kingine, kwa sababu alikumbuka kisahani kile kikisogezwa mbele na nyuma juu ya kitambaa, na sasa alijua mkono ule ulikuwa unasubiri nini: neno ambalo mtoto asingelicheka.

Jumapili alikaa karibu na simu tangu asubuhi. Msusi alikuwa na kichwa cha mteja mkononi na masikio upande wa kushoto wa kibaraza.

"Shikamoo, mama. Wiki iliyopita hukupokea."

"Marahaba, baba. Baba yako alisema ndiyo."

Akaendelea kabla ujasiri haujamtoka. Alieleza kanuni kama alivyoelezwa, akikosea mpangilio, akirudi nyuma, akisema "ngoja, kabla ya hapo". Akaeleza taarifa ya hoja, ngazi, rungu na hospitali. Hakuacha kitu. Alipomaliza, bado alikuwa akitumaini, anakubali, kwamba sasa ndio mwisho wa kesi.



"Angesema siyo tu, mama," Spana alisema. "Tungeshindwa pamoja."

Jibu alikuwa nalo. Angeweza kumwambia kwamba siyo ile isingeokoa hata bolti moja, kwamba baba yake alikuwa peke yake kwa ajili yao, kwamba kushindwa pamoja nako ni kushindwa. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Anasema alitazama kitambaa kilichokuwa mezani, shati la mtu ambaye kipimo chake kilikuwa Spana kasoro vidole viwili, akaona kwamba akiyatoa atasikia "sawa, mama, salimia watu," na Jumapili nyingine, na nyingine, mpaka mmoja wao asipige au asipokee.

"Kweli," alimwambia. "Mngeshindwa pamoja."

"Unakubali?"

"Nakubali. Sina kesi tena, baba, nimechoka kumtetea. Nakutaka wewe. Njoo nyumbani."

Mkono wa msusi ulisimama katikati ya msuko. Spana alikohoa, kile kikohozi cha saruji.

"Hujawahi kuniambia njoo."

"Nisikuambie? Miaka yote hii mimi nilikuwa nakuambia nini?"

"Ulikuwa unaniambia nikubali. Sikujua unataka nije."

Mama yake alibonyeza simu sikioni kwa nguvu mpaka hereni ikamchoma. Alisikia kule mashine ikinguruma, mtu akiita mtu, mlango wa bati ukifungwa, na pumzi ya mwanawe. Kisha Spana akauliza, kwa sauti ya mtu anayeona aibu kutojua njia ya kwao:

"Basi linashusha wapi siku hizi?"

Ndipo mama yake alipotambua kwamba mwanawe hajawahi kufika mji ule kwa njia nyingine isipokuwa treni.

"Mwambie asishukie stendi!" msusi alipiga kelele kutoka upande wake. "Watamzungusha na bodaboda mpaka kesho!"

"Umesikia? Usishukie stendi. Mwombe kondakta akushushe penye kituo cha mafuta, hukijui, ni kipya. Ukishuka, uwe na mkono wako wa kulia..." Akasimama, simu sikioni, akageukia barabara kana kwamba anaanza kutembea. "Kuna ukuta mrefu. Ufuate. Yule muuza baiskeli hayupo, alifariki, pale sasa ni famasi. Ukifika hapo usiingie uchochoro wa kwanza, umezibwa."

"Ehe."

"Ingia wa pili. Nyumba ya mwalimu wako wameipaka rangi ya bluu, mbaya kweli, usiseme kitu wakikuona."

"Ehe, mama."

"Halafu mti wa pale kona wameukata, kwa hiyo kutakuwa na jua. Njoo na kofia."

Aliendelea hivyo, nyumba baada ya nyumba, aliyehama, aliyejenga, aliyekufa, na kila alipotua mwanawe alisema ehe, polepole, kama mtu anayepiga hatua na kungoja aambiwe ya kufuata. Njia yenyewe ni fupi. Alimtembeza mpaka salio la simu likaisha, na walikuwa bado hawajafika mlangoni.